Mtahini wa Madereva Kwenye Meza ya Watoto

Mtaa mzima ulimwita Rudia, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Miaka yote ya utumishi wake alikuwa mtahini wa madereva. Aliketi pembeni ya dereva, ubao wa kuandikia mapajani, uso umekunjwa, na mwisho wa safari alitamka neno moja tu: "Rudia." Hakupandisha sauti, hakueleza, wala hakupokea soda. Watu wazima wenye ndevu zao walishuka garini wakifuta machozi. Wapo waliokata tamaa wakanunua baiskeli, na Rudia akaona hiyo nayo ni huduma kwa taifa.

Alipostaafu aliendelea na kazi bila mshahara. Alimtahini muuza mkate namna anavyofunga mfuko, akamtahini jirani namna anavyofungua geti, na msibani akawatahini waliobeba jeneza, akaona kona wameikata vibaya. Jeneza lenyewe lilikuwa la mkewe, mtu pekee duniani aliyewahi kumwambia "rudia wewe" na akarudia. Baada ya hapo mzee alikula kwa kusimama jikoni, chai na mkate mkavu, kama mtu anayesubiri basi.

Binti yake, nesi wa zamu aliyekuwa akiishi naye, alivumilia hali hiyo mpaka suruali za baba zikaanza kushuka zenyewe.

"Baba," alimwambia asubuhi moja akivaa viatu, "kuanzia leo mchana utakula ukumbini."

"Ukumbini kuna nini?"

"Kuna chakula. Na kuna watu."

"Hilo la pili ndilo baya."

"Wazee wanakula pamoja na watoto wa chekechea ya pale jirani. Ni mpango mzuri, Baba. Kila mtu anausifu."

"Mwanangu, nimeua mtu? Nimeiba? Kosa langu ni lipi hata nihukumiwe kula na watoto?"

Nesi alichukua mkate uliobaki, akautia kwenye mkoba wake, akaondoka nao. Manesi wanajua namna ya kumlazimisha mgonjwa bila kumgusa.

Mpango wenyewe uliitwa Meza ya Vizazi, jina lililozaliwa kwenye semina, maana majina ya namna hiyo hayaoti porini. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, meza ndefu zenye vitambaa vya nailoni vinavyonasa viwiko, na feni ya dari iliyozunguka kwa kuona haya tu. Mlangoni alisimama Mratibu, mwanamke kijana mwenye kadi shingoni na tabasamu lisilokwenda likizo. Yeye alikuwa na imani yake: mzee ni bomba la hekima. Mkalishe karibu na mtoto, mfungue kidogo, hekima itachuruzika yenyewe. Kwa miezi yote ya mpango, kilichokuwa kimechuruzika mpaka hapo ni mchuzi.

"Karibu, mzee wetu!" alisema Mratibu. "Watoto wana kiu ya kukusikiliza."

"Wape maji," alisema Rudia.

Chakula nacho kilipikwa kwa haki. Hakikuwa na chumvi, kwa sababu wazee wana presha. Hakikuwa na pilipili, kwa sababu watoto wana ndimi laini. Kilipondwa, kwa sababu wazee hawana meno, na watoto nao, kwa sababu zao, hawana meno. Hivyo kila mtu alipewa chakula kisichomfaa mtu yeyote, na huo ndio usawa.

Rudia alipelekwa meza ya dirishani. Alikuta watoto kadhaa, na miongoni mwao msichana mdogo mwenye pengo la meno ya mbele na macho ya hakimu. Wenzake walimwita Wakili. Alikuwa amepewa jina hilo na mwalimu wake, siku aliyogoma kulala mchana mpaka aelezwe sababu.

"Shikamoo, babu. Umenawa?"

"Marahaba. Nimenawa nyumbani."

"Nyumbani hakuhesabiwi. Umeshika mlango, umeshika fimbo, umeshika na kiti. Rudia."

Mzee aliyeketi upande wa pili, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alicheka mpaka maji yakamtokea puani. Rudia alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumwonea huruma. Hakumpata. Akainuka, akaenda kunawa.

Aliporudi, yule mwanamke bado alikuwa akijifuta kwa ncha ya khanga.

"Kumbe na wewe unarudia!" alisema. "Hunikumbuki, siyo?"

"Nakukumbuka sana. Wewe ni fundi wa cherehani pale kona. Ulipita juu ya bustani ya ofisi yetu."

"Hiyo ilikuwa mara ya kwanza."

"Mara ya pili ulisimama taa ya kijani, ukaondoka taa nyekundu."

"Nilikuwa na wasiwasi."

"Mara ya mwisho ulinipeleka mpaka ndani ya duka la viatu."

"Mlangoni tu! Usitie chumvi, bwana."

"Mama, kwa chakula hiki, lazima mtu aitafute chumvi mahali."

Fundi, maana hivyo ndivyo alivyoitwa, hakucheka tena. Aliwaeleza watoto, kwa sauti ya kumfikia kila mzee ukumbini, kwamba mwanawe alipokwenda kufanya kazi ng'ambo alimwachia gari dogo uani. Gari lilikuwa zima. Lilikuwa na magurudumu yote na redio inayoimba. Lakini kwa sababu ya mtu mmoja asiyejua kusamehe, kuku wake walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma, na yeye anabeba vitambaa kichwani mpaka sokoni, na umri wake huu.

Watoto walimgeukia Rudia kwa pamoja. Ni kitu kibaya sana kutazamwa na watu ambao bado wana uji kwenye nyusi.

"Babu," alisema Wakili, "kwa nini hukumfundisha?"

"Mimi sikuwa mwalimu. Nilikuwa natahini."

"Ulimfelisha bila kumfundisha?"

"Ndiyo kazi yenyewe ilivyo."

"Mwalimu wetu hufundisha kwanza," alisema Wakili. "Halafu ndiyo anatufelisha."

Jioni nesi alimuuliza baba yake ameonaje.

"Chakula kibaya, kiti kibovu, na meza yangu ina mtoto anayehoji kama polisi wa upelelezi."

"Basi usiende tena, Baba. Sikulazimishi."

"Nitakwenda," alisema Rudia kwa uchungu. "Nikiacha, atadhani ameshinda kesi."

Akaenda kesho yake, na keshokutwa. Kila siku Wakili alifungua kesi upya, na kila siku Fundi alitoa ushahidi kuhusu kuku. Mwishowe mzee, kwa lengo la kuwanyamazisha tu, alichukua sahani tupu, akaishika mbele ya Fundi kwa mikono miwili.

"Haya. Huu ni usukani. Mikono iweke hivi. Usiukabe, haujakuibia."

Fundi alitaka kukataa, lakini mikono ilishakwenda yenyewe. Rudia akachukua kijiko akakisimamisha kuwa gia. Jagi la maji likawa mzunguko wa barabara. Mtoto mmoja akawa lori, mwingine akawa ng'ombe, jukumu alilolifanya kwa moyo wake wote. Wakili alijiteua kuwa trafiki bila kupigiwa kura. Fundi aliendesha sahani yake kulizunguka jagi, akamgonga ng'ombe, akaomba msamaha, akamgonga tena.

"Unatazama wapi?" aliuliza Rudia.

"Namtazama ng'ombe!"

"Ndiyo maana unamfuata. Gari linakwenda macho yanakokwenda. Tazama njia, mwache ng'ombe na shida zake."

Watoto wote wakataka usukani. Rudia akatangaza sheria: sahani yenye chakula si usukani, ni ajali. Kufumba na kufumbua sahani za meza ya dirishani zilikuwa nyeupe, mpaka mpishi akatoka jikoni kuja kuangalia kama kuna mbwa ameingia. Tangu siku hiyo mambo yakawa hayo. Kabichi ile iliyopondwa, ambayo walimu walikuwa wameitungia wimbo na haikuliwa, sasa ililiwa kwa sababu ya foleni ya magari. Na kwa kuwa mtahini hawezi kushika usukani mchafu mbele ya wanafunzi, Rudia naye alikuwa akimaliza chake, bila kujua kwamba anakula. Suruali zikaanza kupanda. Nesi aliliona, akauma ulimi.

Mratibu naye aliliona, akaliandikia ripoti. Aliliita "urithishaji wa stadi kati ya vizazi," akawaalika wafadhili waje wajionee.

Siku ya wageni ukumbi ulipambwa maputo, na chakula kilitiwa chumvi. Mratibu alimshika Rudia mkono kwa upole wa mtu anayehamisha kabati.

"Mzee wetu, leo utakaa huku nyuma karibu na stoo. Kuna upepo mzuri."

"Stoo haina dirisha."

"Ndiyo, upepo wake umetulia. Unajua, mzee wangu, wageni watapiga picha, na wewe uso wako..." Alitafuta neno la semina, akalikosa. "Uso wako ni wa ndani zaidi."

Meza ya dirishani alikalishwa mzee mwingine, mjomba wake Mratibu, aliyeletwa kwa shughuli hiyo. Huyo alikuwa na ndevu nyeupe pe, kofia safi na fimbo ya kuchongwa. Alifanana na hekima kuliko hekima yenyewe. Wageni walipoingia, wakiongozwa na mama mmoja mrefu aliyevaa kamera shingoni, mzee wa maonyesho alikohoa vizuri, akaweka mkono juu ya kichwa cha Wakili.

Wakili alimtazama.

"Babu, ukifika kwenye mzunguko, nani anapita kwanza?"

"Mjukuu wangu," alisema mzee kwa sauti nzito, "palipo na wazee hapaharibiki jambo."

"Hapana, nani anapita kwanza?"

"Mjukuu wangu, haraka haraka haina baraka."

Wakili aliutoa ule mkono kichwani kwake kwa adabu, akaurudisha mapajani kwa mwenyewe.

"Huyu hajui," aliwaambia wenzake. "Twendeni."

Wakachukua sahani zao wakaondoka, lori na ng'ombe na wote, na Fundi nyuma yao akishikilia miwani. Mtoto akiona mwenzake anakwenda mahali haulizi; meza ya pili ikafuata, kisha ya tatu. Dakika si dakika, upande wa mbele wa ukumbi ulibaki na maputo, Mratibu, na mzee mwenye fimbo aliyekuwa akiendelea na methali, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Wageni walizunguka kutafuta hivyo vizazi. Walivikuta vimesongamana kwenye kijia cha stoo, kati ya magunia ya viazi, watoto wakikata kona na sahani mikononi, wazee wakipiga honi kwa midomo. Rudia alikuwa amesimama juu ya kreti.

"Samahani, mzee," aliuliza yule mama mrefu, "hapa kunafanyika nini?"

"Foleni," alisema Rudia. "Na wewe umesimama katikati ya barabara. Sogea kushoto."

Mama mrefu akasogea. Kisha akapiga picha nyingi, akacheka, akampa pongezi Mratibu. Mratibu, ambaye nusu saa nzima alikuwa amekaukiwa mate, alipata sauti yake papo hapo.

"Hiyo ndiyo mbinu yetu," alisema. "Tumeifanyia utafiti."

Baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia Fundi. Aliwafukuza kuku garini, akasugua kiti cha nyuma kwa sabuni mpaka kikakaribia kuwasahau, akajiandikisha mtihani. Rudia alimpa mazoezi kwenye uwanja mtupu nyuma ya ukumbi, yeye akiwa nje, mbali, pembeni ya mti, kwa sababu kufundisha ni jambo moja na kufa ni jingine. Watoto walitazama kupitia uzio wakipiga kelele za maelekezo, yote tofauti.

Siku ya mtihani Fundi alirudi ukumbini mbio, kadiri umri unavyoruhusu mbio.

"Nimefaulu!"

Meza ikalipuka. Rudia peke yake hakusogea.

"Alikutahini nani?"

"Kijana mmoja mzuri sana. Alikuwa anaongea na simu."

"Alikuambia uegeshe kwa kurudi nyuma?"

"Aliniambia niegeshe ninavyopenda."

"Kilimani je? Ulipanda kilima?"

"Aliniuliza kama nina haraka. Nikasema ninayo. Akasema basi tusipoteze muda."

Rudia aliweka kijiko chini, akafunga macho kama mtu aliyepata habari za msiba. Alisema nchi imekwisha. Alisema heri wangewagawia kuku leseni, kuku angalau wamelizoea gari.

Fundi alivua miwani. Furaha ilimtoka usoni kama maji kwenye kitambaa kinachokamuliwa.

"Kwa hiyo wewe unaonaje?" aliuliza. "Achana na yule kijana. Wewe."

"Mimi sijakutahini."

"Basi nitahini."

Kesho yake Fundi alikwenda kumchukua Rudia nyumbani kwake, wapitie barabara kubwa mpaka ukumbini. Nesi aliwasindikiza kwa macho kutoka dirishani, na kwa tahadhari ya kikazi akahakikisha simu yake ina chaji. Rudia alifunga mkanda, akaujaribu, akaujaribu tena, akaweka ubao wake wa zamani mapajani. Garini mlinuka sabuni, na chini ya sabuni, kuku.

Fundi aliendesha. Hakuendesha vizuri, lakini barabara ilibaki chini ya magurudumu, jambo ambalo kwake lilikuwa hatua. Alipita mzunguko bila kugonga chochote. Alimpisha mwanamke na mtoto mgongoni. Rudia aliandika, akafuta, akaandika. Wakafika njia panda ya sokoni, pale kwenye mwinuko, na hapo gari likazimika.

Akawasha. Likazimika. Likaanza kurudi nyuma kidogo, na nyuma kulikuwa na lori. Dereva wa lori akapiga honi ya kuamsha wafu. Nyuma yake wengine wakaitikia. Fundi aliukaba usukani, mabega yakampanda mpaka masikioni.

"Basi," alisema. "Andika. Andika unachoandikaga, nirudi kwenye cherehani yangu."

Kwa miaka yote hiyo, Rudia alijua vizuri mtahini anachofanya hapo: hafanyi kitu. Hasaidii, haelekezi, haguswi na machozi, anaandika. Kalamu ilikuwa mkononi. Alimtazama Fundi, mama mtu mzima mwenye alama za sindano kwenye vidole, midomo ikimcheza kama ya mtoto aliyepotea sokoni.

Akavuta breki ya mkono, akafungua mkanda, akashuka.

Alitembea hadi mbele ya lori, fimbo juu, akasimama pale. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Mzee, toka barabarani!"

"Hiyo honi ulipewa uwapigie ng'ombe au uwapigie mama zako?"

"Anachelewesha watu!"

"Ngoja nikuangalie." Rudia alimkazia macho. "Eh! Wewe si yule aliyegonga nguzo ya bendera? Nani alikupa leseni?"

Dereva wa lori alikuwa mtu wa miraba minne mwenye ndevu na wajukuu. Alirudisha kichwa ndani taratibu.

"Shikamoo, mzee," alisema kutoka gizani mwa lori.

Honi zote zikanyamaza. Rudia akageuka, bado amesimama katikati ya barabara, akapaza sauti kuelekea gari dogo:

"Hakuna haraka, mama! Klachi mpaka chini. Washa. Haya, mafuta kidogo, klachi iachie polepole... polepole kama unapitisha uzi kwenye sindano. Breki ya mkono sasa, iachie!"

Gari likanguruma, likatetemeka, likapanda. Likapanda vizuri mno, kwa sababu Fundi alipoona linakwenda hakuthubutu kusimama tena. Likapita njia panda, likakata kona ya ukumbini, likapotea. Rudia alibaki na lori.

"Panda, mzee," alisema dereva kwa unyenyekevu. "Nikusogeze."

"Na wewe?" alisema Rudia. "Ninaupenda uhai wangu." Akaenda kwa miguu.

Alipofika ukumbini jasho lilikuwa limemlowesha mgongo. Wakili alikuwa anamngoja getini na wenzake nyuma yake.

"Babu, bibi amefaulu?"

Ndani, kupitia mlango uliokuwa wazi, alimwona Fundi ameketi meza ya dirishani, mikono imetulia juu ya kitambaa, hali, hanywi, anamwangalia yeye tu.

"Nimefika kwa miguu, yeye amefika kwa gari," alisema Rudia kwa sauti ya kumfikia. "Sasa mnaniuliza mimi? Mwenye gari si yule pale?"

Watoto hawakuielewa hukumu hiyo, Wakili akataka ifafanuliwe. Fundi aliielewa. Alijifuta pua na khanga, akamvutia mzee kiti.

Wali ulikuwa umepoa na maharage yalikuwa yamekwisha karibu yote. Walikula hivyo hivyo. Rudia alikuwa kwenye sahani ya pili Mratibu alipoingia, na kwa mara ya kwanza tangu mpango uanze, tabasamu lilikuwa limekwenda likizo.

"Jamani, kuna gari limeegeshwa mlalo kule nje! Limeziba gari langu, limeziba la mpishi, na taa yangu moja imevunjika. Nani kaegesha vile? Mzee wetu, wewe ndiye mtaalamu, hebu njoo uone lile kosa. Ni la nani lile?"

Fundi aliinamia sahani. Watoto wote walimtazama Rudia, na Wakili alikuwa amekwisha kufungua mdomo.

Rudia alimsogezea Wakili kijiko cha wali mpaka mdomoni, ukazibika. Kisha akakunja mabega, akatetemesha mkono kidogo, akamtazama Mratibu kwa macho ya mzee asiyejua hili wala lile.

"Gari gani, binti yangu?" alisema. "Sisi wazee siku hizi hatuoni vizuri."